Kabla ya umeme, nywele: ninavyomwandaa mtu kwa mkondo hafifu wa ubongo

Mtu akiingia chumbani kwetu, kitu cha kwanza ninachotazama ni nywele zake. Mimi ni fundi wa maabara inayopitisha mkondo hafifu wa umeme kichwani mwa mtu huku akijifunza zoezi, hapa Ujerumani, nchi ambayo Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen walionyesha mwaka 2000 kwamba mkondo wa miliampia 1 tu, ukipitishwa juu ya fuvu kwa dakika chache, hubadili wepesi wa kuitikia wa ile sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli. Vifaa tunavyotumia vilibuniwa kwa nywele laini. Mimi nimezaliwa Likoni, nywele zetu nazijua, na sipendi kabisa kuona mtu akirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake.

Kwa hiyo nampigia simu siku mbili kabla. Namuuliza kwanza yaliyo mazito: ana kifafa, chuma chochote kichwani, kifaa cha moyo, ujauzito, kidonda kichwani? Likiwapo mojawapo, hatuendelei mpaka daktari aseme. Kisha namwomba asuke twende kilioni, njia ziwe pana, asiongeze rasta, asipake mafuta. Umeme huingia kichwani kupitia sponji mbili zilizoloweshwa; sponji ikikaa juu ya nywele za nailoni, umeme haupiti. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon walishughulikia tatizo la nywele kama zetu kwenye vipimo vya kusoma umeme wa ubongo: walisuka nywele zikafuata mistari ya vipimo, wakabuni vishikio vinavyokamata kwenye misuko. Nilipoisoma kazi yao nilifurahi kama mtu aliyesikia lugha yake ugenini.

Kupima kichwa kusifanywe kwa haraka. Futi ya fundi cherehani inatosha. Pima kutoka kishimo kilicho juu ya pua, kati ya macho, hadi kinundu cha kisogo. Tia alama katikati. Kisha pima kutoka sikio hadi sikio ukipitia alama hiyo. Kama ni sentimita 36, chukua asilimia 20, yaani sentimita 7.2, ushuke upande wa kushoto kutoka utosini. Hapo ndipo panapotawala mkono wa kulia, na hapo ndipo inapokaa anodi, yaani sponji ya upande chanya wa umeme. Kathodi, ile ya upande hasi, huwekwa kwenye paji la uso, juu ya jicho la kulia.

Sponji zetu ni za sentimita 5 kwa 7. Nazilowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, karibu mililita 6 kila upande, kwa bomba la sindano ili nisizidishe. Zikichuruzika, maji hutandaa kichwani na umeme huenda usikotaka. Zikikauka, ngozi huungua. Hilo nalijua kwa paji langu mwenyewe: wiki yangu ya kwanza nilijifungia sponji iliyokauka pembeni, nikaona mwasho kuwa jambo la kawaida, nikanyamaza. Alama ilikaa siku nane. Tangu hapo kila baada ya dakika tano nauliza, na mtu akisema panachoma, nazima.

Wako wanaojitengenezea mashine nyumbani kwa betri ya volti 9. Nawaomba waache. Ngozi ikishalowa, upinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme, ambayo hupimwa kwa omu, hushuka, na betri haijui. Kwenye omu 9,000 mkondo ni miliampia 1. Upinzani ukishuka hadi omu 3,000, tayari ni 3. Mashine ya kazi hii hupunguza volti yenyewe ili mkondo ubaki palepale, na hupandisha umeme polepole kwa sekunde 30 hivi, ikaushusha vivyo hivyo mwishoni.

Sasa washa, miliampia 1, dakika 20. Usimwache mtu amekaa bure! Mkondo huu hauilazimishi seli ya ubongo kutuma ishara, huisogeza tu karibu na kutuma, na kinachomalizia ni zoezi. Sisi humpa mpangilio wa vidole wa kubonyeza, na huanza umeme ukiwa unapita, kwa sababu Charlotte Stagg na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba umeme ukitangulia zoezi, kujifunza kulikuwa polepole zaidi. Tena zoezi lirudiwe siku kadhaa. Katika utafiti wa Janine Reis wa mwaka 2009, waliopitishiwa umeme wakifanya zoezi siku tano mfululizo walipata faida yao kubwa kati ya siku na siku, si wakati wa mazoezi yenyewe.

Shangazi yangu aliniomba nimletee mashine mwanawe wa Kidato cha Nne, apate hesabu. Nilikataa. Ubongo wa kijana bado unajengwa, na hata kwa watu wazima kuna gharama: mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford walichochea kwa umeme eneo moja la ubongo, watu wakajifunza alama mpya za namba upesi lakini wakashindwa kuzitumia bila kufikiri, walipochochea eneo jingine, ikawa kinyume. Nilimwambia amwache kijana alale mapema. Hakupenda, ila simu tunapigiana.

Wala usiamini hisia yako kwamba umekuwa mwerevu. Katika majaribio, wengine huwashiwa kwa sekunde 30 kisha huzimiwa bila kuambiwa. Nao husikia mwasho uleule, na wapo wanaotoka wakisema imefanya kazi. Andika alama za zoezi za kila siku, hizo ndizo za kutazama.

Ukimaliza, subiri mkondo ushuke hadi sifuri kabla ya kuvua chochote, la sivyo mtu ataona mmweko machoni. Kagua ngozi kwenye mwanga, pale sponji zote mbili zilipokaa. Wekundu kidogo huisha upesi; lengelenge lionyeshwe kwa daktari siku hiyohiyo. Sponji zisuuzwe kwa maji matupu mpaka chumvi itoke, zianikwe. Kesho yake piga simu, uliza kichwa kimeamkaje.