Kabla hujatoa kidole kichomwe

Kunywa chai yako na mkate, vipimo vya malaria, taifodi, VVU na homa ya ini B havihitaji njaa. Vinachohitaji ni kumbukumbu. Kabla hujapanda boda kwenda maabara, jua kipimo chako kinatafuta nini: antijeni, yaani kipande cha mdudu mwenyewe, au kingamwili, yaani protini ambazo mwili umetengeneza za kumnasa. Kingamwili huchelewa kujitokeza, kisha zaweza kukaa miaka.

Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta antijeni. Vingi vinavyotumika hapa Uganda hunasa HRP2, protini ya Plasmodium falciparum, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kama ulimbo wa fenesi unavyong'ang'ania vidoleni na fenesi lenyewe lilishaliwa. Umemaliza dozi juzijuzi? Sema, taja na tarehe, uombe damu itazamwe kwa hadubini. Mimi niliwahi kunyamaza, nikamezeshwa dozi ya pili kwa homa ambayo haikuwa malaria.

Widal, kipimo cha damu cha taifodi, hutafuta kingamwili, na mimi siiamini sana. Uliugua zamani, ulichanjwa, au umekutana na bakteria jamaa yake: inaweza kutoka chanya. Uliza kama wanaweza kuotesha damu, yaani kukuza bakteria waliomo ili waonekane, na kama unaweza kungoja, damu itolewe kabla hujameza antibiotiki, maana zikitangulia huenda kisiote kitu.

Kwa kipimo cha haraka cha VVU, hesabu siku tangu ulipojiweka hatarini. Kingamwili zikiwa bado chache, kijiti kitasema hasi. Rudi miezi 3 ikitimia. Kama unameza ARV au PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU, usifiche. Mtoto wa chini ya miezi 18 bado anaweza kuwa na kingamwili za mama yake, kwa hiyo yeye hupimwa virusi vyenyewe kwa PCR.

Tazama saa pia. Mstari wa C, unaoonyesha kijiti kimefanya kazi, usipotokea, kijiti hicho kimeharibika, hata T, mstari wa majibu, iwe nyekundu namna gani. Na kikisomwa baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kinaweza kudanganya.

Kwa homa ya ini B, usikubali karatasi iliyoandikwa "chanya" peke yake. HBsAg ni antijeni: ikiwa chanya maana yake virusi vimo mwilini. Anti-HBs ni kingamwili: ikiwa chanya kwa kawaida ni kinga, ya chanjo au ya kupona. Omba jina la kipimo liandikwe lote.