Kusikiliza kwenye OET: Sehemu A ndiyo yenye alama

Wauguzi wengi wanaotafuta usajili Uingereza hufanya OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya. Baraza la wauguzi la huko, NMC, linataka angalau alama 350 kati ya 500 kwenye kusikiliza. Sehemu hii ni ileile kwa fani zote: muuguzi na daktari wa meno husikia rekodi zilezile. Maswali ni 42, muda ni kama dakika 40, na kila rekodi husikika mara moja tu.

Sehemu A pekee ina maswali 24, kwa hiyo muda wako mwingi wa mazoezi uende huko. Ni mazungumzo mawili ya mhudumu na mgonjwa, kila moja kama dakika tano, na mbele yako kuna muhtasari wenye nafasi 12 za kujaza. Unapewa sekunde 30 za kuusoma. Pitia vichwa vidogo kwanza, kisha jiulize kila nafasi inadai nini: dawa, kiungo, muda au dalili? Majibu hufuata mpangilio wa muhtasari, ila maneno hubadilika. Muhtasari unaweza kusema "describes pain as …", na mgonjwa akasema "it's sort of throbbing, really". Andika throbbing, basi. Usilitafutie neno la kitabibu, wala usiandike majibu mawili kwa kubahatisha. Tahajia ya Uingereza au ya Marekani, zote sawa.

Kinachoangusha wengi ni kung'ang'ania nafasi iliyokwisha kupita. Nafasi ya 5 imekuponyoka, unaiwaza, kumbe ya 6 na ya 7 nazo zimeshatajwa. Jizoeze kuruka tangu nyumbani.

Sikio la Mswahili lina mitego yake. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza hakifuati hilo: fifteen na fifty hutofautiana sana kwa mkazo, na kwenye dozi hiyo ni tofauti kubwa. Irabu zetu tano nazo hufanya hip na heap zisikike kama neno moja. Tena wagonjwa hawazungumzi kama vitabu vya chuo. Ganzi ya kuchomachoma wataiita "pins and needles", na mambo ya mkojo "waterworks". Yaandike kwenye daftari kila uyasikiapo.

Zoezi lenye faida ni hili: chukua rekodi ya dakika moja yenye maandishi yake. Isikilize mara moja ukiandika, kisha linganisha na maandishi na uweke alama pale ulipopotea. Kama neno lilikuwa geni, liende daftarini. Kama unalijua ila hukulitambua lilipotamkwa haraka, rudia sentensi nzima kwa sauti pamoja na msemaji mpaka mwende sawa. Matatizo hayo mawili hayana dawa moja. Changanya lafudhi pia, hasa za Uingereza na Australia.

Sehemu B ni rekodi sita fupi za kazini, kila moja na swali moja la kuchagua jibu kati ya matatu, na sekunde 15 za kusoma. Usichague jibu kwa sababu tu neno lake limetajwa. Mara nyingi yote matatu hugusiwa. Muuguzi anayekabidhi zamu anaweza kutaja kidonda, dripu na dawa ya maumivu, lakini anachomwomba mwenzake ni kimoja.

Sehemu C ina rekodi mbili ndefu zenye maswali sita kila moja, na sekunde 90 za kusoma. Hapa huulizwa zaidi maoni ya msemaji. Kwenye mahojiano, mwulizaji akiuliza jambo jipya, hamia swali linalofuata.

Kama utafanyia kwenye kompyuta, fanya mazoezi kwa kibodi halisi badala ya simu. Kabla ya kumaliza, hakikisha hakuna nafasi tupu, maana jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.