Sifa yenye mshiko kwa mshairi chipukizi

Mwenzako akikupa shairi, lisome mara mbili, ya pili kwa sauti, kabla ya kusema lolote. "Shairi zuri sana" halimsaidii, maana hajui arudie nini. Mtajie mshororo (mstari) mmoja uliokugusa na sababu yake: picha, neno, au kina (silabi za mwisho zinazofanana) kilichoangukia mahali pake. Kisha dosari moja tu, ile inayoliumiza shairi zaidi. Katika tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya mizani, yaani silabi, 16 kwa mshororo, mara nyingi ni hesabu: 8 za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), 8 za utao (nusu ya pili). Wengi husahau kwamba m ya "mtu" ni mizani kamili. Mwonyeshe palipozidi, ila neno la kurekebishia alitafute mwenyewe. Na kama ameandika shairi huru, tafadhali usimdai vina.