Kabla hujatoa pesa ya rimu za magnesiamu, pima zote nne

Anza na tundu za nati. Unahesabu tundu, kisha kipenyo cha duara linalopita katikati yake kwa milimita: Mini ni nne kwa 101.6, Ford Escort nne kwa 108, Datsun 240Z nne kwa 114.3, Porsche 911 tano kwa 130. Zikikataa hapo usikubali hadithi za fundi atatoboa upya, rudisha pesa mfukoni uende zako.

Upana unapimwa pale tairi inapokalia, sio ukingo hadi ukingo. Ukipima kwa nje utaongeza kama inchi nzima alafu ufurahi bure ati umepata saba, kumbe ni sita.

Beba tochi, tepu, msasa, siki kidogo kwenye chupa, na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya ndege. Sumaku acha nyumbani, haishiki aluminiamu na haishiki magnesiamu, kwa hiyo haitakwambia kitu.

Umbo la mbele lisikuleweshe. Spoku nane kila mtu anaita Minilite, na kweli Minilite za magnesiamu zilianzia Uingereza miaka ya 1960 kwenye Mini za mashindano, lakini jina hilohilo likaja kuwekwa kwenye za aluminiamu pia, na Wajapani nao wana spoku nane zao, Watanabe na Panasport, rimu safi zenye heshima yake ila unauziwa kwa jina la mwingine. Geuza rimu uangalie mgongo. Rimu za Fuchs za Porsche 911, ambazo ni aluminiamu, zile zilizokuja na 911S ya modeli ya 1967, zilifuliwa kwa kupondwa kama kazi ya mhunzi, hazikumiminwa kwenye ukungu, na huko nyuma zina mhuri wa namba ya Porsche, saizi, mwezi na mwaka. Mgongo wa Fuchs ukiwa na ukwaru wa kitu kilichotoka kwenye ukungu wa mchanga, hiyo kopi. Tarehe zikipishana miaka mingi ujue seti imeokotezwa, sio dhambi, ila bei ishuke.

Sasa yangu mimi. Nilikuwa nafufua Escort Mk1 hapa Nairobi, nikapata mzee ana Minilite nne za inchi 13, ati zilikimbia mashindano ya Safari Rally. Mjini hapa hadithi hiyo haikosi, maana Escort RS1600 ya Hannu Mikkola ilichukua Safari ya 1972, na Datsun 240Z zikachukua 1971 na 1973, kwa hiyo kila rimu kuukuu inadai ilipita huko. Mzee akanipa moja mkononi, nyepesi hadi nikacheka. Nikakwaruza rangi kwa nyuma na msasa, nikadondosha siki, ikachemka povu papo hapo. Ndo dalili yenyewe, magnesiamu inachemka, aluminiamu inabaki imenyamaza tu. Nikalipa zote nne, nikajiona mjanja kweli.

Kwenye kuvalisha tairi kijana wa pancha akaniambia, bosi, hii moja imeshiba. Tukapima. Tatu sawasawa, ya nne imezidi kilo moja na nusu hivi. Msasa, siki, kimya. Aluminiamu, imepakwa rangi ileile ikafanana na wenzake kabisa. Nikampigia mzee akanijibu, si ulipima mwenyewe? Na kweli nilipima, ila ile moja niliyopima ni yeye aliyenichagulia. Hiyo ya nne saa hii ndo stepni yangu, nikifungua buti naiona.

Kwa hiyo kila rimu ipande mizani, kila rimu ipate siki yake, na wewe ndo uchague inaanza ipi. Rimu mbili za saizi moja na umbo moja, magnesiamu iko chini kwa karibu theluthi, huwezi kukosa kuona tofauti. Siki ikishasema kazi yake ifute na maji, isibaki inakula chuma.

Nyufa angalia kwenye shingo za spoku na kuzunguka tundu za nati, na ukitaka kulala usingizi zipeleke kwa mtu wa kupima nyufa kwa rangi ya kupenya. Unga mweupe unaojitokeza chini ya rangi ni kutu ya magnesiamu, unapenda sana pale inapogusana na nati za chuma. Rangi mpya nene mno? Uliza inaficha nini. Nyingine zinavujisha upepo hata bila ufa, ndo maana wazee walikuwa wanaweka tyubu.

Na tafadhali usimwache fundi azipige grainda gerejini. Vumbi la magnesiamu linashika moto, na maji yanauchochea zaidi, weka mchanga mkavu karibu.

Usiende kuangalia jioni. Usinunue kwa picha za mbele tu. Na ukiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani na kashi, mwache aje azichukue.