Kabla kiangazi hakijakaza: akiba ya vitamini A, D, E na K

Dodoma mvua ikiaga mwezi wa nne, imeaga. Tone la maana usilitarajie mpaka mwisho wa mwaka. Ndiyo maana kila mwenye nyumba huku, hata mtumishi aliyehamia juzi na wizara yake, hujifunza upesi kupiga hesabu: magunia mangapi ya mahindi yatatuvusha, mtama kiasi gani, maji yatatoka wapi. Sijasikia mtu akipiga hesabu ya vitamini. Na zipo nne zinazohesabika kabisa, A, D, E na K, kwa sababu mwili huzipokea na kuzitunza kwa namna yake.

Hizi nne huyeyuka katika mafuta. Vitamini C na nyingi za kundi la B huyeyuka katika maji. Ukila nyingi leo, zinazozidi unazikojoa. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, na mtu mzima aliyekula vizuri anaweza kuitumia akiba hiyo kwa miezi. D na E hukaa zaidi kwenye mafuta ya mwili. K ni mpangaji wa siku chache, hana akiba ndefu, kwa hiyo yeye hudai mboga mwaka mzima. Hapo panatoka mambo mawili ya kushika. Kwanza, bila mafuta kidogo kwenye mlo, sehemu kubwa ya vitamini hizi hupita tumboni kama msafiri asiyeshuka. Pili, kinachowekwa akiba kinaweza kuzidi mpaka kikawa sumu, hasa A na D za vidonge.

Sasa maandalizi yenyewe. Yanaanzia kwenye mboga, na yanaanza mapema, majani yakiwa bado mabichi shambani.

Mama mkwe wangu kule kijijini huanika mlenda juu ya paa la tembe, kama walivyofanya waliomtangulia. Mwaka mmoja nilipanda kumsaidia kukusanya. Majani ya juu yalikuwa yamepauka, rangi ya nyasi za mwezi wa tisa. Nilipochimba katikati ya lundo nikakuta mengine makavu vilevile lakini ya kijani, na bado yananukia. Nikamwonyesha viganja viwili, kimoja kimoja. "Mama, haya ya juu jua limeyala." Akayatazama, akacheka. "Mwanangu, nikianika kivulini yataota ukungu, utakula wewe?"

Hofu yake ina msingi mahali penye unyevu. Dodoma upepo ni mkavu mno. Majani yaliyotandazwa kwa wembamba juu ya kichanja, chini ya kivuli, hukauka vizuri. Tukakubaliana nusu kwa nusu: kichanja chini ya mti, kanga kuukuu juu yake. Siku ya tatu yalikuwa yanavunjika mkononi. Tangu hapo hanipingi, ingawa hajasema kwamba nilikuwa sahihi.

Kinachopotea juani ni karotini, ile rangi iliyojificha ndani ya kijani cha majani na inayojionyesha wazi kwenye boga, karoti na papai. Mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwanga na hewa huivunja. Kuyatokosa majani ya kunde dakika mbili tatu kabla ya kuyaanika husaidia pia, maana maji ya moto huzima vimeng'enya vinavyoendelea kuila karotini hata jani likishachumwa. Yakikauka, yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko au chombo kisichopitisha mwanga. Mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, uliotundikwa dirishani, unarudisha kazi yote nyuma.

Anayeweza kupata mbegu ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, apande karibu na pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Maboga huvunwa yakatunzwa ghalani wiki nyingi bila kuharibika. Watu huniuliza kuhusu zabibu na ubuyu, na najua tunavyovipenda. Zabibu hazina habari hapa. Ubuyu sifa yake ni vitamini C, tena nzuri, lakini si hizi tunazozungumzia.

Jambo la mafuta huja baada ya mavuno ya alizeti. Ukiifuata barabara ya Singida utaona madumu yamepangwa mezani pembeni, yanang'aa kwa jua la saa saba, mazuri ya kupiga picha. Nami niliwahi kununua lita 5 za namna hiyo, nikaziweka kwenye ubao wa dirisha la jikoni kwa fahari. Kabla mwezi wa nane haujaisha zilikuwa zimechacha, zinanuka kama rangi ya mafuta ya kupakia milango. Kosa lilikuwa langu kwa nusu.

Vitamini E ndiyo askari wa mafuta hayo. Kazi yake kwenye dumu ndiyo ileile iliyo nayo mwilini: hulinda mafuta, yakiwemo yale ya kuta za seli, yasiharibiwe na oksijeni, na katika kulinda huko yenyewe hutumika na kuisha. Mafuta yaliyochacha ni mafuta ambayo askari wake wamekufa. Kijiko kimoja cha chakula cha alizeti nzuri kina takribani miligramu 5 hadi 6 za E, na mtu mzima huhitaji kama 15 kwa siku, kwa hiyo Dodoma na Singida hatuna sababu ya kulia njaa ya vitamini hii. Nunua kwa anayekamua mbele yako au anayetunza madumu kivulini, uyahamishie kwenye chombo kikavu, ukifunge vizuri na kukiweka mahali pa giza.

Kuna jambo la pili kuhusu mafuta ambalo wengi hawalijui. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa nchini vinatakiwa kuongeza vitamini A kwenye mafuta ya kula. Mafuta ya mashine ndogo ya mtaani kwa kawaida hayaongezwi. Sisemi uyaache, mimi mwenyewe naipenda harufu yake. Ila usihesabu kwamba mafuta ya dumu yanakupa A. Soma lebo ya chupa ya kiwandani, au hakikisha A inatoka kwingine. Na yale ya muuza chipsi, yaliyochemshwa tangu asubuhi mpaka yakawa meusi, usiyahesabu kwa lolote.

Kiasi kinachohitajika ili mboga itoe karotini yake si kikubwa. Kijiko cha chai kimoja kwa kila mlaji kinatosha. Mlenda uliopikwa kwa maji, chumvi na magadi tu ni mlenda uliofungiwa nje ya mlango. Tia karanga zilizotwangwa na mlango unafunguka. Karanga zenyewe zikaushwe vizuri, na zilizokunjamana au zenye ukungu zitupwe bila huruma, wala usiwape kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Sumu hiyo hushambulia ini, ghala lilelile la vitamini A.

Mwenye ng'ombe ana bahati nyingine. Samli ya wakati wa majani mabichi huwa ya njano, ya kiangazi huwa nyeupe zaidi, na tofauti hiyo ni karotini waliyokula ng'ombe. Tengeneza samli wakati wa njano. Wasio na ng'ombe wana kiini cha yai la kienyeji, na dagaa wanaoliwa wazima.

Kabla ya Juni, tafuta kadi za kliniki za watoto. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000, aliyetimiza mwaka hupewa 200,000 pamoja na dawa ya minyoo, kwa kuwa minyoo nayo hula njama dhidi ya ufyonzwaji wa vitamini utumboni. Dozi moja hubaki ikifanya kazi kwa miezi 4 hadi 6, ndiyo sababu ya ratiba hiyo. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi, usije ukampeleka mtoto tena kituo kingine wiki ijayo kwa kudhani unamzidishia afya.

Dalili ya kwanza ya upungufu huonekana jioni. Mtoto aliyekuwa akicheza vizuri mchana anaanza kujikwaa kwenye kigoda kile kile jua likizama, anapapasa kutafuta sahani yake. Usimkemee kwa uzembe. Mpeleke kituo cha afya. Vitamini A hulisha sehemu ya jicho inayoona kwenye mwanga hafifu, na pia hushikilia ngozi laini ya ndani ya koo, mapafu na utumbo, ambako maradhi hupita. Ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A hospitali.

Kwa D sina mengi, jua tunalo. Chakula huleta kidogo, ngozi hutengeneza nyingi ikipigwa na jua, na kazi yake kubwa ni kuufanya utumbo upokee kalisi ya mifupa. Ikikosekana, mtoto hupata matege. Hatari ya Dodoma ni ile baridi ya Juni na Julai na vumbi lake: kichanga hufungwa mablanketi, hakitoki ndani. Mtoe dakika chache, miguu na mikono wazi, uso ukiwa kivulini, na usisubiri achomeke. Jua la dirishani halisaidii, kioo huzuia miale inayohitajika. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, miale hiyo bado ni hafifu. Mwenye ualbino asiambiwe kuota jua kwa ajili ya vitamini D. Kofia, nguo ndefu na kivuli viendelee.

Tena si kila matege yanatokana na D. Kalisi ikiwa kidogo kwenye chakula mifupa hupinda vilevile, na yapo maeneo ya Singida, Manyara na Arusha ambako maji yenye floridi nyingi huharibu meno na mifupa. Kumnunulia mtoto wa huko vidonge vya D bila kipimo ni kutibu ndoto.

Mjamzito anayetarajia kujifungua kiangazi aulize mapema kliniki kuhusu sindano ya vitamini K kwa mtoto. Watoto wote huzaliwa na K kidogo, maziwa ya mama huwa nayo kidogo pia, na bila K damu haigandi vizuri; miligramu 1 pajani baada ya kuzaliwa huzuia kutokwa damu. Yeye mwenyewe asile maini kila siku kwa sifa ya kuongeza damu, wala asimeze vidonge vya vitamini A vya kununua kwa muuzaji wa basini, maana A iliyozidi hudhuru mtoto tumboni. Karotini ya mboga haina shida hiyo. Mtu akizidisha sana papai na karoti, viganja hubadilika kuwa vya njano, basi.

Kama nyumbani yupo mzee anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, msimwachishe mboga ghafla na msimjazie ghafla. K ya majani hupingana na dawa hiyo, na dozi yake ilipangwa kwa ulaji wake wa kawaida. Mboga zikipungua kuanzia mwezi wa nane, amwambie daktari.

Mwezi wa kumi, fungua ile ndoo. Mimina kiganja kimoja mezani penye mwanga. Ikiwa unga wa mlenda bado una kijani na harufu ya jani, endelea nao hadi mvua. Ukiwa na rangi ya ugoro, upike kwa ladha, halafu tenga hela ya boga na mchicha wa bustani za umwagiliaji pale soko la Majengo, mara mbili kwa wiki, mpaka maembe yaingie.