Somo la kuvua samaki kwa nzi bandia: Jicho kwanza, mshipi baadaye

Mto Gura, ule wa milima ya Aberdare nchini Kenya uliotiwa samaki aina ya trauti mwaka 1905, haumbembelezi mtu mwenye pupa. Maji yana mbio, vichaka vimeinamia kingo zote mbili, na pahali pa kutua nzi bandia, yaani ndoana iliyovikwa ifanane na mdudu, pengine hapazidi sinia. Wengi wanaokosa hapo mikono yao haina kasoro. Wanatazama tawi wanaloliogopa, na nzi huenda kulekule.

Hatua ya 1. Simama kwanza. Trauti hukabili mkondo, kwa hiyo mwendee kwa nyuma, ukipanda mto. Chagua doa moja: siyo "pale kando ya jiwe", bali lile povu dogo, kama nusu mita mbele ya pua yake.

Hatua ya 2. Geuka uone miti iliyo nyuma yako. Mara moja tu, basi.

Hatua ya 3. Inua fimbo ya kuvulia polepole, ongeza kasi, kisha isimamishe ghafla ikipita wima kidogo. Ngoja. Nzi hana uzito. Mshipi ndio unaombeba, na usiponyooka nyuma hauna nguvu ya kwenda mbele. Mimi husema kimoyomoyo "Nye-ri": "Nye" nikisimamisha, "ri" nikianza kurudi mbele. Mshipi ukiwa mrefu, "Nyeee-ri". Mke wangu amewahi kunisikia, akacheka wiki nzima.

Hatua ya 4. Peleka mbele ukilenga hewani, shubiri mbili juu ya doa, nzi aanguke taratibu. Jicho lisibanduke mpaka atue. Wengi hapa huinua macho kuuangalia mshipi wao ukipaa.

Nyumbani, kata ncha ya ndoana, weka sinia kwenye nyasi, mita 8. Mirusho 20 inatosha. Ukichoka, mkono hujifunza makosa.

Maswali

– Mwalimu, uzi wangu wa mbele, ule mwembamba kati ya mshipi na nzi, hujifunga mafundo. Ni upepo?
Mara chache. Unatia nguvu mapema mno. Anza pole, nguvu ije mwishoni.

– Nikimwona samaki natetemeka.
Hata mimi. Shika nzi mkononi, hesabu samaki akiinuka kula mara tatu. Utajua anapoinukia, na pumzi itakuwa imetulia. Kisha tazama doa, usimtazame samaki.

– Nikikosa, nirushe tena papo hapo?
Hapana. Mwache nzi aelee mpaka ampite samaki, ndipo uinue. Ukiung'oa mshipi juu ya kichwa chake, humwoni tena hadi jioni.