Jinsi ya Kutofautisha Kauri ya Fedha na Kauri ya Pete

Konokono wawili wadogo wa Bahari ya Hindi na Pasifiki huchanganywa kila mara: Monetaria moneta, kauri ya fedha, na Monetaria annulus, kauri ya pete. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliwapa wote wawili majina ya kisayansi mwaka 1758, na maganda ya wote yamewahi kutumika kama pesa. Wengi huamua kwa rangi. Mimi nakushauri uanze na umbo, kwa sababu rangi hufifia.

Hatua ya 1: Hakikisha ganda ni tupu

Chungulia kwenye ufa ulio tumboni mwa ganda. Kauri hana kifuniko cha kuzibia mlango kama walivyo nacho konokono wengi wa baharini, kwa hiyo usipoona kifuniko usidhani nyumba haina mwenyewe. Aliye hai hulifunika ganda lake kwa joho, utando laini wa mwili unaopanda kutoka pande zote mbili hadi mgongoni. Joho hilo ndilo linalolipa ganda mng'ao wake. Ukimkuta yu hai, mpige picha, umrudishe palepale, na jiwe alilokuwa chini yake ulilaze kama ulivyolikuta. Viumbe walioshikamana na upande wake wa chini wakiachwa juani hufa.

Hatua ya 2: Safisha

Maji yasiyo na chumvi na mswaki laini vinatosha. Siki na ndimu ziweke mbali kabisa! Ganda ni kalsiamu kaboneti, na asidi huila. Mng'ao ukishatoka haurudi, maana aliyekuwa akiupaka hayupo tena.

Hatua ya 3: Angalia kama alikuwa amekomaa

Ganda changa ni jembamba, mdomo wake wa nje hauna meno. La mzima mdomo umejikunja kwa ndani, na meno yamejipanga pande zote mbili za ufa. Akifika hapo ganda halirefuki tena, linaongezeka unene tu. Ukiwa na ganda changa, liweke kando. Usilipe jina kwa kubahatisha.

Hatua ya 4: Soma umbo

Hapa ndipo pa kutumia muda. Laza ganda mezani, mgongo juu, ulitazame kutoka juu kabisa. Kauri ya fedha ni bapa, ina pembepembe, mara nyingi inakaribia umbo la pembe sita. Kingo zake ni nene na zina vinundu. Fumba macho, pitisha ncha ya kidole ukingoni: utahisi kidole kinapanda na kushuka. Kauri ya pete ina umbo la yai, na kidole huzunguka bila kukwama. Urefu hautakusaidia, kwani wote kwa kawaida huwa kati ya sentimita 2 na 3.

Hatua ya 5: Sasa rangi

Kauri ya pete ina mstari wa manjano ya dhahabu unaozunguka mgongo wa kijivu au samawati hafifu. Mara nyingine mstari hukatika kwenye ncha. Kauri ya fedha ni nyeupe hadi manjano. Tahadhari: nayo huweza kuwa na pete nyembamba, na hapo ndipo watu hupotea. Ganda lililosagwa na mchanga hupoteza tabaka la juu na kuonyesha zambarau. Kwa ganda kama hilo, rudi hatua ya 4.

Kwa anayeshughulika na shanga na mapambo ya zamani, tofauti hii ina uzito. Kwa karne nyingi visiwa vya Maldivi vilisafirisha kauri za fedha. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alizikuta zikitumika huko kama pesa katika karne ya 14. Kisha katika karne ya 19 wafanyabiashara walipeleka kauri za pete kwa wingi kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, na thamani ya pesa hiyo ikaporomoka. Aina ya ganda basi ni dokezo la njia liliyopitia. Si ushahidi kamili, kwa kuwa konokono hawa wameenea bahari nzima.

Hatua ya 6: Andika na uhifadhi

Kwa penseli, andika jina, mahali, tarehe, na kama lilikuwa mwambani au ufukoni. Tumia boksi la plastiki. Mbao za mwaloni na makaratasi duni hutoa mvuke wenye asidi unaolifunika ganda kwa unga mweupe. Ukiuona unga huo, toa maganda yote kwenye boksi siku hiyohiyo, yasuuze, yakauke kabisa, ndipo uyahamishie mahali pengine.